Ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya picha: menyu nyingi, kila moja na kona yake

Violezo vingi vya tovuti za picha vimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa kazi moja. Anapiga harusi tu, au wanyama tu, basi. Menyu yake ina maneno manne, chini yake picha moja kubwa, na macho yanatulia. Mpiga picha wa Kampala, Mbarara au Arua haishi hivyo. Jumamosi yuko Mukono kwenye kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kutambulishana kabla ya ndoa, Jumatatu anapiga picha za pasipoti, siku za mahafali anashinda Makerere, na kampuni ya utalii ikimpigia simu anapanda gari kwenda Bwindi. Katikati ya hayo anauza fremu na kuchapa albamu. Kumwambia mtu huyu abakize viungo vinne ni kumwambia afiche nusu ya riziki yake.

Kwa hiyo sitaanza na neno "punguza". Kinachomchosha mgeni ni menyu zilizorundikwa juu zote, kwa herufi zilezile, zikimwita kwa pamoja kama makondakta wa Old Taxi Park wanapomwona abiria kashuka na mizigo. Zikigawanywa, kila menyu ikapewa mtu wake na kona yake, zinaweza kufika tano na ukurasa ukabaki mtulivu.

Mfano tutakaoutumia ni studio ya kufikirika iliyoko Wandegeya, Kampala: mwenye studio, msaidizi mmoja, na kazi saba au nane za aina mbalimbali.

Hatua ya 1: Anza na WhatsApp

Kompyuta iache kwanza. Fungua WhatsApp ya biashara, rudi nyuma miezi michache, na kila swali la mteja liandike kwenye kipande chake cha karatasi. Usilisafishe, liandike kama alivyouliza. "Kwanjula mnachukua ngapi?" "Picha zetu ziko tayari?" "Nimefika Wandegeya, mko jengo gani?" "Mnapiga ya viza ya Marekani?" "Natafuta korongo nyangumi kwa ajili ya kalenda." "Tutumieni makadirio ya bei yenye TIN."

Meza ikijaa vipande, mwite mtu asiye mpiga picha avipange mafungu na kila fungu alipe jina. Mwenye duka jirani anafaa, bodaboda wa stejini anafaa, shemeji yako anafaa. Mpiga picha mwenzako hafai, kwa sababu naye ataandika "Huduma zetu" na "Mkusanyo wa kazi", majina ambayo mteja hayatamki. Akisema kwanjula, kiungo kiandikwe Kwanjula. Ukiwa Mbarara na watu wanasema kuhingira, yaani sherehe ya huko ya kumtoa bibi harusi kwao, andika Kuhingira. Maneno hayohayo ndiyo anayoyachapa Google anapotafuta mpiga picha.

Kwa studio yetu, mafungu yatatokea takriban hivi. Wapo wanaotafuta mpiga picha wa sherehe. Hao wanataka kuona kazi na bei kabla ya kupiga simu. Wapo wenye haraka, wa pasipoti na mahafali, wanaotaka kujua mlango uko wapi na unafungwa saa ngapi. Wapo waliokwisha kulipa na wanadai picha zao. Yapo mashirika yenye mikutano na makaratasi yake. Na wapo wanunuzi wa picha za mbugani, ambao mara nyingi wako nje ya nchi na hawatakanyaga studio hata siku moja. Watu watano, shida tano tofauti.

Hatua ya 2: Chora nafasi kabla ya rangi

Chukua karatasi mbili. Moja ilaze kama skrini ya kompyuta, nyingine isimamishe kama simu. Zote mbili ziwekee nafasi za menyu zifuatazo:

- Menyu kuu, juu, yenye herufi kubwa kuliko za menyu nyingine: Sherehe, Studio, Safari, Mashirika, Bei.
- Menyu ya pembeni, herufi ndogo, kona ya kulia: Picha zangu, lugha, simu.
- Menyu ya picha, yaani vigae vinavyokaa chini ya picha kubwa.
- Menyu ya chini, mwisho wa ukurasa, yenye kila kitu kilichobaki.

Aina ya tano ni vichujio, yaani vitufe vya kuchuja picha kwa mahali au kwa mnyama, na hivyo havionekani kwenye ukurasa wa mwanzo kabisa. Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye tovuti za wapiga picha wa hapa ni kuvipandisha vichujio hadi menyu kuu. Unagusa "Safari", inashuka orodha ya Bwindi, Mgahinga, Kidepo, Murchison Falls na Queen Elizabeth, na kila mbuga ina matawi yake ya simba, tembo na ndege. Orodha imeziba picha ileile uliyotaka watu waione. Nitarudi kwenye vichujio mbele.

Utaona "Kuhusu sisi" haimo juu. Ishushe chini. Mteja huitafuta baada ya kuzipenda picha, na akifika hapo atashuka mwenyewe.

Bei nimeipandisha makusudi, najua wengi watapinga. Wapiga picha hupenda kuificha wakisema kila kazi ina bei yake. Ni kweli, lakini kamati ya harusi inayolinganisha studio sita saa nne usiku haitampigia aliyenyamaza, itampigia aliyeandika. Andika "kuanzia" na kiasi chako kwa shilingi, kisha saa ngapi za kazi, picha ngapi, na kama albamu imo au haimo. Hilo linatosha.

Kama unatumia WordPress, kila kiolezo kina idadi yake ya mahali pa kuweka menyu. Hakikisha unachokinunua kina angalau mahali pa menyu kuu, ya pembeni na ya chini kabla hujalipa. Wengi hununua kwa uzuri wa picha za mfano, kisha hugundua kina sehemu moja tu ya menyu, na ndipo marundo yanapoanza.

Hatua ya 3: Ngazi mbili, zisizidi

Hapa pana ubishi wa siku nyingi: viungo vichache vyenye matawi marefu, au viungo vingi vilivyo wazi? Kuna atakayekutajia "saba, ongeza mbili au toa mbili". Namba hiyo ni ya mwanasaikolojia George Miller, mwaka 1956, na inahusu vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika kichwani kwa muda mfupi. Menyu iko mbele ya macho. Hakuna anayetakiwa kuikariri. Ushahidi unaotuhusu zaidi ni wa 1998. Kevin Larson na Mary Czerwinski wa Microsoft walipanga vitu 512 kwa njia tatu: moja yenye ngazi tatu za viungo vinane vinane, na mbili zenye ngazi mbili tu, ama viungo 16 kisha 32, ama 32 kisha 16. Waliotumia ile ya ngazi tatu ndio waliochelewa zaidi kupata walichotumwa kutafuta.

Kwa studio ya Wandegeya maana yake ni kwamba kutoka ukurasa wa mwanzo hadi picha zenyewe iwe mibofyo miwili: Sherehe, kisha Kwanjula, picha hizo. Ukijikuta unaandika Sherehe, kisha Za kitamaduni, kisha Kanda ya Kati, kisha Kwanjula, unapanga diski yako ya kuhifadhia picha. Mteja hana haja na mpangilio huo.

Menyu inayokunjuka ifunguke kwa kubofya. Ile inayofunguka kwa kupitishiwa kipanya tu haina maana kwenye simu, kwa kuwa kidole hakipiti juu ya skrini bila kuigusa. Hata kwenye kompyuta hujifunga kipanya kikikosea njia kidogo. Halafu kuna mtego mmoja: neno "Sherehe" likiwa kiungo na hapohapo likawa kifunguo cha orodha, mtu akiligusa hajui litampeleka ukurasa mwingine au litamfungulia. Lifanye kifunguo peke yake, na ndani ya orodha kiungo cha kwanza kiwe "Sherehe zote".

Anayekuandikia msimbo mwambie mambo mawili. Kifunguo kiwe button yenye aria-expanded, ili programu ya kumsomea skrini asiyeona imwambie orodha imefunguka au imefungwa. Na kila menyu ikae ndani ya nav, lebo ya HTML ya kufungia menyu, yenye aria-label yake: "Menyu kuu", "Menyu ya chini", na kadhalika. Tovuti yenye nav nne zisizo na majina humtajia mtu huyo neno moja mara nne, akabaki akikisia.

Hatua ya 4: Picha kubwa ya juu

Weka moja. Zile tano zinazobadilishana zenyewe ziache. Mwaka 2013 Erik Runyon wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, alichapisha hesabu za ukurasa wa mwanzo wa chuo hicho: takriban asilimia 1 tu ya wageni walibofya picha zinazozunguka, na wengi mno kati ya hao walibofya ile ya kwanza. Nne zilizobaki zinapakuliwa bure, na anayelipia ni mgeni kwa bando lake. Data ya intaneti Uganda inatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo uzito wa picha zako ni fedha inayotoka mfukoni mwa mtu ambaye bado hajaamua kukupa kazi.

Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina upana wa pikseli 6000 na uzito wa megabaiti kadhaa. Kwa tovuti toa nakala mbili: yenye upana wa pikseli 2000 kwa kompyuta, na ya 800 hadi 1000 kwa simu, kwa WebP au JPEG yenye ubora wa 75 hivi. Ile ya simu jitahidi isivuke kilobaiti 200. Rangi ziwe sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa wavuti; ukisahau ukatoa nakala kwa Adobe RGB, kuna skrini na programu zitakazomwonyesha bibi harusi akiwa amepauka kama aliyetoka kuugua malaria.

Google hupima muda unaopita hadi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kitokee, na huuona muda huo kuwa mzuri ukiwa ndani ya sekunde 2.5. Kwenye tovuti ya picha, kitu hicho karibu kila mara ni picha hii ya juu. Usiiwekee ile loading="lazy" inayochelewesha upakuaji; hiyo ni ya picha za chini ambazo mgeni hajazifikia. Kila picha iandikiwe upana na urefu wake kwenye msimbo, ili ikitokea isiisukume menyu wakati kidole cha mtu kiko njiani kuelekea "Bei" kikaishia kugusa "Safari".

Kuna suala la mkato. Picha ya mlalo ikilazimishwa ndani ya simu iliyosimama hukatwa pembeni, na kwenye picha za harusi pembeni ndiko aliko bwana. Andaa mikato miwili, ya mlalo na ya wima, kila mmoja ukiuchagua kwa jicho lako, na elementi ya picture iamue upi utumike wapi. Usimwachie mtambo akukatie kichwa cha mteja.

Na menyu juu ya picha? Wabunifu wanapenda maandishi meupe yaelee juu yake. Inapendeza siku ya kwanza, kwa sababu picha ya siku ya kwanza ilichaguliwa ikiwa na anga jeusi. Ukiibadilisha msimu ujao ukaweka gauni jeupe, au anga la mchana la ziwani Entebbe, menyu imemezwa. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na kilicho nyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1, na hakuna anayeweza kuahidi hilo juu ya picha inayobadilika. Mimi huiweka menyu nje ya picha, kwenye ukanda wa rangi moja. Mbunifu atanuna. Anune. Ukitaka ukanda huo ubaki juu mtu anaposhuka ukurasa, kwenye simu usizidi kimo cha pikseli 60 hivi, maana picha za wima zinahitaji nafasi.

Hatua ya 5: Vigae, yaani picha zikiwa menyu

Hapa mpiga picha ana kitu ambacho muuza saruji hana: bidhaa yake yenyewe inaweza kuwa mlango. Chini ya picha kubwa weka vigae sita: Kwanjula na kuhingira, Harusi, Mahafali, Familia, Safari, Mashirika. Uwiano wa vigae uwe mmoja kwa vyote. Ule wa 3:2 ndio unaotoka kwenye kamera nyingi bila kukatwa. 4:5 ya wima hujaza simu vizuri zaidi. Chagua mmoja.

Ugumu uko kwenye kuchagua picha. Wengi huchukua ile wanayojivunia kuliko zote katika kila kundi, na mwisho wanapata nyuso sita zinazotabasamu kwenye mwanga wa jioni. Mgeni hajui kipi ni kipi. Kigae kinataka picha inayojitambulisha hata ikiwa ndogo. Kwa kwanjula uache uso wa bibi harusi, uweke msafara wa wanaume wenye kanzu wakiingia na vikapu, au wanawake waliovaa magauni ya gomesi wakiwa wamepiga magoti. Kwa kuhingira, mushanana, lile vazi la wanawake linalofungwa begani. Harusi ya kanisani ina shela. Kama wateja wako wengi ni Waislamu wa Kibuli au Bombo, weka nikaha. Mahafali ni joho na kofia, ikiwezekana na jengo kuu la Makerere nyuma. Kama picha yako inaonyesha jengo hilo likijengwa upya baada ya moto wa Septemba 2020, itoe. Lilifunguliwa tena 2024, na mteja atajua hujagusa tovuti siku nyingi.

Kwa Safari weka mnyama mmoja aliyeijaza fremu. Simba juu ya mti kule Ishasha anatambulika hata akiwa mdogo kama stempu. Mandhari ya Kidepo, pamoja na uzuri wake wote, yakipunguzwa yanakuwa nyasi na mstari wa vilima. Yahifadhi kwa ajili ya ndani.

Jipime hivi: vipunguze vigae vyote viwe na upana wa pikseli 150, vipange pamoja bila majina, umwulize mtu kila kimoja kinahusu nini. Akisita kwenye kimoja, badilisha picha hiyo hata kama ilishinda tuzo.

Jina la kigae lionekane muda wote, chini ya picha, lisisubiri kupitishiwa kipanya. Picha na jina viwe ndani ya kiungo kimoja, na hapo alt ya picha, yaani maelezo anayosomewa asiyeona, iache tupu. La sivyo, anayesomewa skrini atatajiwa jina lilelile mara mbili.

Nyuso hizo ni za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inadai ridhaa ya mhusika, na kwa mtoto ridhaa ya mzazi au mlezi. Weka kifungu cha matumizi ya picha kwenye mkataba wako wa kazi, ili ijulikane mapema nani yuko tayari kukaa mwanzo wa tovuti na nani hataki kabisa. Familia nyingine hazipendi, na wana haki.

Hatua ya 6: Simu

Alama ya vistari vitatu ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya 1981. Vijana wanaielewa. Mama wa bibi harusi anayetafuta picha za mwanawe huenda haielewi, kwa hiyo andika neno "Menyu" kando yake, nafasi ipo. Ndani yake viungo vya menyu kuu vifuatane kwa mpangilio uleule wa kwenye kompyuta.

Lakini menyu iliyofichwa hufunguliwa na wachache kuliko iliyo wazi. Mambo yanayotafutwa zaidi yatoe nje, uyaweke kwenye ukanda uliogandishwa chini ya skrini, mahali kidole gumba kinapofika bila kujinyoosha: Kazi, Bei, WhatsApp, Picha zangu. Manne, na kila moja lina neno chini ya alama yake. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 inataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24; Apple hupendekeza 44, Google 48. Chukua 48. Wateja wengine watagusa wakiwa nyuma ya bodaboda.

Mlango wa waliolipa

"Picha zangu" hustahili aya yake kwa sababu wengi huiweka ndani ya menyu kuu pamoja na matangazo. Mtu huyu amekwisha kununua. Akigusa, apate sehemu ya kuingiza namba ya kazi na neno la siri, na akishaingia, menyu ibadilike yote: Tazama, Chagua, Pakua, Agiza chapa, Lipa salio. Hapo kwenye salio weka MTN MoMo na Airtel Money, na kiasi kinachodaiwa kionekane kabla ya kupakua. Kurasa hizi ziwekewe noindex zisitokee Google, na za picha za shule ziwe na neno la siri kwa kila mzazi, si moja kwa darasa zima.

Vichujio vya safari

Sasa vile vichujio. Kampuni ya utalii inatafuta kwa mbuga. Mtengeneza kalenda wa Ujerumani anatafuta kwa mnyama. Ukichagua kuwapangia kwa njia moja tu, mmoja wao ataondoka. Ndani ya matunzio ya Safari weka safu mbili fupi, Mahali na Mnyama, na ya tatu ndogo ya Mlalo au Wima, kwa sababu msanifu wa gazeti ana nafasi ya umbo fulani na hana muda wa kupekua picha zisizoingia. Mtu akichagua kinamasi cha Mabamba na ndege korongo nyangumi, anwani iliyo juu ya kivinjari ibadilike, ili aweze kuinakili na kumtumia bosi wake ikafunguka vilevile. Kichujio ambacho hakina picha hata moja kisionekane.

Lugha na sehemu ya chini

Lugha iandikwe kwa jina lake yenyewe: English, Kiswahili, Luganda. Bendera ziache, bendera ya Uganda ingewakilisha lugha ipi kati ya zote tulizonazo? Tangu baraza la mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022 nimeona tovuti kadhaa zikiongeza kitufe cha Kiswahili ambacho kikiguswa kinafungua ukurasa wa Kiingereza. Kama hujatafsiri angalau Bei na mawasiliano, usiweke kitufe.

Menyu ya chini ndiyo ya wenye haraka, na watu hushuka huko wenyewe bila kuambiwa. Panga mafungu matatu. La kwanza ni mahali: jengo, ghorofa, namba ya duka, na alama anayoijua kila mtu ("mkabala na taa za barabarani za Wandegeya" humsaidia mtu kuliko jina la barabara), kisha saa za kufungua. La pili ni kazi ndogondogo: pasipoti na viza, fremu, kuchapa, kukarabati picha za zamani. Pale kwenye viza andika vipimo kabisa, inchi 2 kwa 2 ya Marekani, milimita 35 kwa 45 ya Schengen, 50 kwa 70 ya pasipoti ya Kanada. Swali la viza linakuwa limejibiwa kabla halijaulizwa. La tatu ni Kuhusu sisi, masharti, faragha, na mitandao ya kijamii. Ndiyo, mitandao ikae huku chini. Mtu aliyeingia kwenye tovuti yako usimrudishe Instagram kabla hajaona bei.

Hatua ya 7: Jaribu kwa bando

Usijaribu kwa WiFi ya ofisi na simu yako ya bei. Azima Android ya bei nafuu, zima WiFi, tembea nayo hadi mahali ambapo mtandao unasuasua, ufungue tovuti. Kisha kaa kwenye kompyuta, weka kipanya kando, pita ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab: kila kiungo kifikike, na kionekane kimechaguliwa. Ipitishe pia kwenye PageSpeed Insights ya Google, usome matokeo ya simu, siyo ya kompyuta.

Halafu watafute watu watano wanaofanana na yale mafungu ya mwanzo, kila mmoja umpe kazi moja tu. Tafuta bei ya kuhingira. Tafuta tunafunga saa ngapi. Pata picha zako kwa namba hii. Kaa kimya, tazama kidole. Ukianza kueleza "gusa pale juu", jaribio limekufa.

Tovuti ikishakaa hewani miezi mitatu, angalia ni viungo vipi havibofywi. Cha menyu kuu kisichobofywa kishushe chini. Cha chini kinachobofywa sana kipandishe. Safari ikae pale ilipo hata kama wabofyaji ni wachache, kwa sababu oda moja ya picha za kalenda inaweza kuzidi pasipoti za wiki nzima. "Picha zangu" nayo usiiguse kwa hesabu hizo: wanaoiingia ni wachache kwa asili, na wengi wao wana risiti yako mkononi.